Kutembea na Tumbo Tupu: Faida Iko Kwenye Damu, Si Kwenye Mizani

Kama umewahi kufunga Ramadhani mjini Jeddah, bila shaka unaijua saa ile moja kabla ya adhana ya magharibi pale Corniche, kando ya Bahari ya Shamu. Jua linashuka baharini, upepo unaanza kupoa, na watu waliovaa raba wanatembea kwa kasi huku midomo imewakauka, wengine wakitupia jicho saa za mkononi zinazohesabu hatua. Mjini Riyadh mambo ni hayo hayo katika bonde la Wadi Hanifa, na tangu Februari 2025 pia katika sehemu za kwanza zilizofunguliwa za Sports Boulevard, njia ya wapita kwa miguu na baiskeli inayopangwa kufika urefu wa zaidi ya kilomita 135.

Ukiwauliza watu hao kwa nini wamechagua saa hiyo ngumu, wengi watakupa jibu moja: mwili usio na chakula hauna pa kupata nguvu isipokuwa kwenye kitambi, kwa hiyo ukitembea na tumbo tupu mafuta yanayeyuka haraka. Ujumbe wa namna hiyo huzunguka katika simu zetu kila mwezi wa Shaabani unapokaribia kumalizika, kutoka Riyadh hadi Mombasa, kutoka Jeddah hadi Unguja, na mara nyingi hauna jina la mtu aliyeuandika.

Kwa maoni yangu imani hiyo ni nusu ya ukweli. Na katika mambo ya afya, nusu ya ukweli inaweza kumwangusha mtu barabarani. Ni kweli kwamba mazoezi ya tumbo tupu huunguza mafuta zaidi. Ni kweli pia kwamba yanaweza kumsaidia mtu mnene. Lakini msaada huo hauonekani pale ambapo wengi wetu tunautafuta, yaani kwenye mshale wa mizani. Isitoshe, saa ile ile inayosifiwa kuwa ya kuyeyusha mafuta ndiyo saa ya hatari zaidi kwa baadhi ya watu wanene waliomo katika msafara ule wa Corniche.

Kwanza tuuangalie ukubwa wa tatizo lenyewe. Mwaka 2013 Wizara ya Afya ya Saudi Arabia ilifanya uchunguzi wa afya wa nchi nzima, ambapo watu zaidi ya 10,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea walipimwa na kuhojiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa asilimia 28.7 walikuwa na unene wa kupindukia: wanaume asilimia 24.1 na wanawake asilimia 33.5. Uchunguzi huo huo ulikuta kuwa asilimia 13.4 walikuwa na ugonjwa wa kisukari, na sehemu kubwa yao hawakuwa na habari kwamba wanaumwa. Naomba msomaji ayakumbuke maneno hayo ya mwisho, kwani tutayarudia.

Nasi watu wa Afrika Mashariki tusiwacheke wenyeji wetu. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na ule wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28. Anayetoka kwetu kwenda Riyadh kutafuta riziki hatoki katika nchi ya watu wembamba, na mara nyingi anaingia katika maisha ya gari, kiyoyozi, lifti na mlo mkubwa wa saa sita za usiku.

Sasa tuingie mwilini. Mtu anapokula wali au mkate, sukari hupanda katika damu na kongosho humwaga homoni ya insulini. Kazi ya insulini ni kuiingiza sukari hiyo katika misuli na ini, na wakati huo huo kuyaambia mafuta yakae ghalani yasitoke. Sukari ya akiba, ambayo wataalamu huiita glikojeni, huwekwa katika misuli na katika ini. Ile ya ini ni kidogo, kiasi cha gramu 100 hivi, na ndiyo inayotulisha usiku tukiwa tumelala. Baada ya saa kumi au kumi na mbili bila chakula, akiba hiyo ya ini imepungua sana, insulini imeshuka, na mlango wa ghala la mafuta umefunguka. Mtu akianza kutembea katika hali hiyo, misuli yake huchukua mafuta zaidi na sukari kidogo. Hadi hapo, wale wa Corniche wako sawa.

Lakini kwa mtu mnene kuna tatizo jingine. Mwili wake mara nyingi haumsikii insulini vizuri. Kongosho hulazimika kupiga kelele zaidi, yaani kumwaga insulini nyingi ili kazi ile ile ifanyike, na hata asubuhi kabla ya kula insulini yake huwa juu kuliko ya mtu mwembamba. Misuli yake nayo imekuwa mizito kubadilisha chakula: haiwi hodari wa kutumia mafuta wakati wa njaa, wala haiwi hodari wa kutumia sukari wakati wa shibe. Huko ndiko kisukari kinakoanzia, miaka mingi kabla ya daktari kukitaja. Kwa hiyo swali la maana kuhusu mazoezi ya tumbo tupu ni hili: je, yanaweza kuifundisha misuli hiyo kusikia tena?

Katika swali hilo kuna utafiti mmoja unaostahili kutajwa. Watafiti wa vyuo vikuu vya Bath na Birmingham nchini Uingereza waliwachukua wanaume 30 wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na matokeo yao yakatangazwa mwaka 2019. Wapo waliopanda baiskeli ya mazoezi kabla ya kifungua kinywa, wapo waliopanda baada ya kifungua kinywa, na wapo walioendelea na maisha yao kama kawaida ili wawe kipimo cha kulinganishia. Kazi hiyo ilidumu wiki sita. Waliofanya mazoezi kabla ya kula waliunguza mafuta kiasi cha mara mbili ya wenzao wakati wa mazoezi. Mara mbili! Mtu akisoma hapo tu atakimbilia kuvaa raba.

Hata hivyo, wiki sita zilipokwisha na watu wakapanda mizani, makundi mawili ya mazoezi hayakutofautiana katika uzito uliopungua. Tofauti ilikuwa kwingine. Waliokuwa wakifanya mazoezi kabla ya kula, miili yao ilihitaji insulini kidogo zaidi kuishughulikia sukari ya chakula, na misuli yao ilikuwa imeongeza protini zinazobeba sukari kutoka kwenye damu kuiingiza ndani. Wale waliofanya mazoezi yale yale baada ya kula hawakuonyesha nafuu hiyo ya insulini kuliko kundi ambalo halikufanya mazoezi kabisa.

Utafiti huo hauko peke yake. Mwaka 2010 watafiti wa Leuven, nchini Ubelgiji, waliwalisha vijana wa kiume wenye afya chakula kingi kupita kiasi, nusu ya nguvu yake ikitokana na mafuta, kwa wiki sita. Waliofanya mazoezi na tumbo tupu ndio peke yao ambao miili yao iliboreka katika kuimudu sukari, ingawa walikuwa wakilishwa kama wanaonenepeshwa. Kwa upande wa uzito, mwaka 2014 Brad Schoenfeld na wenzake nchini Marekani waliwafuatilia wanawake vijana 20 kwa wiki nne, wote wakiwa wamepunguza chakula. Nusu walifanya mazoezi kabla ya kula na nusu baada ya kula. Wote walipungua, na hakuna kundi lililolishinda jingine.

Kwa nini mafuta yaungue zaidi na uzito usipungue zaidi? Hebu tufanye hesabu ya kukadiria. Mtu wa kilo 95 akitembea kwa haraka kwa dakika 45 atatumia kalori kama 300. Tuseme akiwa ameshiba, kalori 105 kati ya hizo zinatokana na mafuta, na akiwa na njaa zinakuwa 180. Tofauti ni kalori 75, ambazo ni kama gramu nane za mafuta. Gramu nane ni karibu vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kupikia. Hiyo ndiyo faida yote ya kukausha midomo kwa dakika 45! Sambusa moja iliyokaangwa inairudisha kabla ya mtu kunawa mikono. Na aliyetumia sukari zaidi wakati wa kutembea atatumia mafuta zaidi baadaye akiwa amekaa, kwa sababu mwili hufunga hesabu zake kwa siku na kwa wiki, haufungi kwa saa moja.

Hapa ndipo inapobidi tuondoke Corniche tuingie majumbani, maana hesabu ya unene wa Jeddah na Riyadh inafanyika baada ya magharibi. Mwaka 2011 mtafiti Balkees Bakhotmah wa Jeddah alichapisha uchunguzi uliohusu familia 173 za Kisaudi za mji huo. Katika kichwa cha habari cha uchunguzi wake aliliita jambo hilo kitendawili: inakuwaje watu wanenepe katika mwezi wa kufunga? Asilimia 59.5 walisema uzito wao uliongezeka baada ya Ramadhani. Walipoulizwa sababu, asilimia 40 walitaja vyakula vyenye mafuta na wanga mwingi, na asilimia 31.2 walitaja uhaba wa mazoezi.

Anayeijua meza ya futari ya Jeddah hatashangaa. Tende na kahawa, supu, sambusa, ful na mkate wa tamees, kisha sobia ya baridi yenye sukari, kisha lugaimat, vile vitumbua vidogo vya mviringo vilivyolowekwa katika shira. Huo ni mwanzo tu. Kabsa ya wali na nyama inasubiri baada ya tarawehe, na baada yake kuna vitu vya kutafuna mpaka daku. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Katika Ramadhani zetu buyu linaanza kuchovywa saa kumi na mbili jioni na kumalizwa saa kumi na moja alfajiri.

Nisionekane kuilaumu swaumu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti 70 kutoka nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba kwa wastani watu hupungua kidogo katika Ramadhani, na kwamba wenye uzito uliozidi hupunguza hata mafuta ya mwili. Ila uzito huo hurejea ndani ya wiki mbili hadi tano baada ya Idi. Swaumu inatufungulia mlango, nasi tunarudi kwa dirishani.

Kuna pia suala la usingizi, ambalo kwa mtazamo wangu halizungumzwi vya kutosha. Mjini Riyadh, daktari wa magonjwa ya usingizi Ahmed BaHammam wa Chuo Kikuu cha King Saud ameandika kwa miaka mingi kuhusu jinsi saa za kulala na kuamka zinavyosogezwa mbele katika Ramadhani: mji unakesha, maduka yako wazi, na usingizi unabanwa. Utafiti maarufu wa Chicago wa mwaka 1999, uliofanywa kwa vijana 11 wa kiume wenye afya, ulionyesha kuwa kulala saa nne tu kwa usiku sita mfululizo kulitosha kuivuruga miili yao katika kuishughulikia sukari. Maana yake ni nini? Mtu anaweza kutembea dakika 45 kabla ya magharibi ili misuli yake isikie insulini, kisha akakesha usiku kucha akaizibua na kuiziba tena masikio misuli ile ile.

Sasa turudi kwenye lile jambo nililoomba likumbukwe, la wagonjwa wa kisukari wasiojijua, na wale wanaojijua. Mwaka 2001 ulifanyika uchunguzi mkubwa ulioitwa EPIDIAR katika nchi 13, Saudi Arabia ikiwa miongoni mwake, na wagonjwa wa kisukari zaidi ya 12,000 walishiriki. Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachofuatana sana na unene, matukio ya sukari kushuka vibaya mpaka mtu kufikishwa hospitali yaliongezeka mara 7.5 katika Ramadhani kulinganisha na miezi mingine. Kwa wenye aina ya kwanza yaliongezeka mara 4.7.

Sukari hushuka hivyo hasa kwa nani? Kwa anayejichoma insulini, na kwa anayemeza vidonge vinavyoilazimisha kongosho kutoa insulini, kama glibenklamidi na glimepiridi. Mtu huyo hana ule mlango wa asili unaofunguka insulini inaposhuka, kwa sababu dawa yake inaendelea kufanya kazi hata akiwa na njaa. Akiba ya ini imekwisha, dawa inavuta sukari, na misuli inayotembea inavuta sukari pia. Na saa ambayo mambo hayo matatu yanakutana ni saa ile moja kabla ya adhana ya magharibi. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani, iliyotolewa mwaka 2016 na kuhuishwa mwaka 2021, inawatahadharisha wagonjwa na mazoezi mazito katika saa za mwisho za mfungo, na inaihesabu hata sala ya tarawehe kuwa sehemu ya mazoezi ya siku.

Tazama basi mkanganyiko ulivyo. Wanatembea wanaume wawili bega kwa bega pale Corniche, wote wana kilo 95, wote wana kitambi. Mmoja ana sukari iliyoanza kupanda tu na hatumii dawa yoyote. Kwake matembezi yale ni faida. Mwenzake ana kisukari cha miaka minane na asubuhi wakati wa daku alimeza kidonge chake. Kwake matembezi yale yale yanaweza kuishia kwenye gari la wagonjwa. Ujumbe wa simu hauwezi kuwatofautisha. Anayeweza kuwatofautisha ni daktari na kipimo cha tone la damu, ambacho kwa mujibu wa wanazuoni wengi hakiharibu swaumu. Miongozo hiyo inasema sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, au ikipanda kupita 300, mtu afuturu hapo hapo. Hakuna ushujaa katika kulikataa jambo hilo; sheria yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Aidha, tusisahau kwamba wanaume wa Bath walifunga usiku tu. Waliruhusiwa maji, na walikula muda si mrefu baada ya mazoezi. Mfungaji wa Riyadh hana maji tangu alfajiri, katika hewa kavu ya Najd. Ramadhani za miaka hii zinaangukia miezi ya Februari na Machi, siku zikiwa na saa 13 hivi za mfungo na jua la wastani. Lakini waliofunga Riyadh mwezi wa Juni na Julai, kama ilivyokuwa mwaka 2015, wanakumbuka saa 15 chini ya joto la zaidi ya nyuzi 40, na miezi hiyo itarudi tena kwa watoto wetu. Kuyachukua matokeo ya Uingereza na kuyabandika juu ya swaumu ya Riyadh bila kufikiri ni sawa na kuvaa viatu vya mtu mwingine kwa sababu vimempendeza.

Kuna kundi jingine ambalo haliko Corniche kabisa. Wapo ndugu na dada zetu, wengi wao kutoka Kenya na Uganda, wanaofanya kazi za nyumbani katika miji hii. Kifungu cha 98 cha Sheria ya Kazi ya Saudia kinaweka kikomo cha saa sita za kazi kwa siku kwa mfanyakazi Mwislamu katika Ramadhani, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawamo katika sheria hiyo. Wana kanuni zao peke yao. Dada anayesugua sakafu mchana, anayekaanga sambusa alasiri, anayeosha vyombo usiku wa manane na kuamka kuandaa daku anafanya mazoezi ya tumbo tupu kila siku bila kuyaita mazoezi. Kama mazoezi hayo yangekuwa dawa ya unene, asingekuwapo hata mmoja anayelalamika kuwa ameongezeka kilo tangu afike. Anachokosa ni usingizi na chakula cha saa yake, na hayo hayapatikani kwa kununua raba. Ni mwajiri wake anayeweza kumpa.

Serikali ya Saudia imefanya mengi, na haki isemwe. Dira ya 2030, iliyotangazwa Aprili 2016, ilikusudia kuongeza watu wanaofanya mazoezi angalau mara moja kwa wiki kutoka asilimia 13 hadi 40. Mwaka 2017 kumbi za mazoezi za wanawake zilianza kupewa leseni, na wasichana wa shule za serikali wakaruhusiwa somo la michezo. Mwaka huo huo soda zilitozwa kodi ya asilimia 50 na vinywaji vya kuongeza nguvu asilimia 100, na tangu mwanzoni mwa 2019 migahawa inatakiwa kuandika kalori katika orodha za vyakula. Lakini hakuna serikali inayoweza kuandika kalori juu ya sinia la futari la nyumbani. Hilo limebaki kwetu.

Basi tufanye nini? Kwa maoni yangu, mahali pa mazoezi ya tumbo tupu si Ramadhani hasa. Mahali pake ni katika miezi kumi na moja iliyobaki. Lugha yetu yenyewe imekwisha tuonyesha njia: chakula cha asubuhi tunakiita kifungua kinywa, kwa sababu usiku mzima tulikuwa tumefunga. Mtu akisali alfajiri, akanywa maji yake, akatembea kwa haraka dakika 40 au 60, kisha ndipo akaketi kwa chai, huyo anafanya karibu kile kile kilichofanywa Bath. Riyadh wakati wa kiangazi hiyo ndiyo saa pekee yenye ubaridi. Jeddah ndiyo saa ambayo Corniche haina msongamano. Dar es Salaam na Mombasa mambo ni hayo hayo, na hakuna ada ya kulipa. Ila mwenye kutumia insulini au vidonge nilivyovitaja aanze kwa daktari hata katika miezi hiyo.

Na katika Ramadhani? Asiye na ugonjwa na asiyetumia dawa za kushusha sukari atembee akipenda dakika 20 au 30 kabla ya magharibi, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, karibu na nyumbani, akiwa na tende mfukoni. Akisikia kizunguzungu, jasho la baridi au mikono kutetemeka, asimame na afungue. Mwenye kisukari amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, ili dawa na saa zake zipangwe upya, na matembezi yake ayapeleke baada ya kufuturu. Wote wawili wanufaike na jambo moja lisilo na hatari kwa yeyote: kupunguza vya kukaanga na vinywaji vya sukari, na kulala.

Jumuiya zetu za Waafrika Mashariki mjini Riyadh na Jeddah, ambazo kila mwaka huandaa futari za pamoja, zingeweza kufanya jambo moja dogo. Wiki chache kabla ya Ramadhani wamwite mmoja wa madaktari au wauguzi wetu waliojaa katika hospitali za miji hii, aje na kipimo cha sukari, aseme na watu kwa Kiswahili. Wengi watagundua siku hiyo kitu ambacho walikuwa hawakijui, na heri kukijua ukiwa umekaa kwenye kiti kuliko kukijua ukiwa umelala njiani. Na sinia la futari hiyo nalo litazamwe upya, kwani haitakuwa na maana kupimana sukari mlangoni kisha kupeana sobia ukumbini.

Jioni moja ukipita Corniche saa ile, msalimie anayetembea karibu nawe, kisha umuulize kama amewahi kupima sukari. Akisema hajawahi, mshauri apunguze mwendo, na kesho yake mfuatane kituo cha afya.